Goma na kanzu zake

Kwenye soko la Virunga mjini Goma, anayemwambia fundi "nishonee kanzu" na kuishia hapo bado hajaagiza chochote. Ni ya binti wa komunyo ya kwanza? Hiyo ni nguo ya kike, ile ambayo watu wa pwani wangeiita gauni. Ni ya padri? Basi ni vazi refu jeupe la kuvalia misheni. Ni ya mzee wa Kiislamu anayejiandaa kwa Idi? Hapo ndipo fundi anashika nguo ambayo mtu wa Tanga au Lamu angeitambua mara moja. Kitambaa kinaweza kutoka kwenye bunda moja, lakini mikato ni mitatu na bei ni tatu.

Kila moja ya kanzu hizi iliingia Kivu kwa mlango wake. Moja ililetwa na misafara ya biashara kutoka Unguja. Nyingine ilikuja na mapadri waliovalishwa Algiers. Ya tatu ilizaliwa humuhumu, kwenye vyumba vya kushonea vya misheni. Baadaye serikali nayo ikaleta vazi lake, abakosti ya Rais Mobutu, ambayo kwa miaka 18 ilikuwa karibu lazima kwa kila mwanamume mwenye cheo. Leo kanzu zote tatu zinashonwa. Abakosti, mafundi vijana wanaijua kwa picha.

Kabla ya uzi na sindano, watu wa nchi hii ya mawe meusi walijifunika bila kushona. Katika misitu ya Masisi na Walikale, Wahunde na Wanyanga walivaa magome ya miti ya jamii ya mkuyu. Gome hubanduliwa, hulainishwa, kisha hupondwa kwa nyundo ya mti yenye mifereji, mpaka linapanuka na kuwa shuka jepesi la rangi ya udongo. Ni kazi ileile ya Waganda, ambayo UNESCO iliitangaza kuwa urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Wafugaji wa upande wa Rutshuru walivaa ngozi za ng'ombe zilizolainishwa kwa siagi. Mavazi yote hayo yalifungwa begani au kiunoni. Hayakuwa na mikono, kola wala tundu la kichwa. Vazi lenye mikono lilikuja na wageni, na kwa miongo kadhaa aliyelivaa alihesabiwa kuwa mtu wao.

Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, Mzungu wa kwanza kuliona ziwa Kivu, alifika hapa Juni 1894 akitokea pwani ya Tanganyika kupitia Rwanda. Mji wa Goma haukuwepo. Mwami Kigeli Rwabugiri wa Rwanda, aliyeutawala ukingo wa mashariki wa ziwa, alikuwa amewafungia njia wafanyabiashara wa pwani. Ndiyo sababu kanzu, nguo ya mashariki, haikuingia Goma kutoka mashariki. Ilizunguka. Ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikakaa Manyema kwa zaidi ya miaka 20, ndipo ikapanda kaskazini hadi Kivu ikiwa tayari imepata wenyeji wake.

Kitambaa chake cha kwanza kilikuwa merikani. Mwaka 1833 Marekani ilisaini mkataba wa biashara na Sayyid Said, Sultani wa Oman na Unguja, na meli za Salem, mji mdogo wa Massachusetts, zikaanza kumwaga Unguja marobota ya pamba nzito isiyopaushwa. Bara, merikani ilikuwa nguo na ilikuwa pia fedha: kwa mikono kadhaa ya kitambaa hicho mkuu wa msafara alilipa hongo, alinunua chakula na aliajiri wapagazi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, viliikata njia hiyo, na pamba ya Uingereza na ya India ikachukua nafasi. Jina halikubadilika. Kaniki ya buluu kutoka India ilisafiri pamoja nayo, lakini kaniki ilikuwa ya kujifunga. Ukitaka kanzu, ulitafuta kitambaa cheupe.

Na kanzu si gunia lenye mikono, kama anavyoweza kudhani mtu asiyewahi kuiona ikikatwa. Kwanza kuna badani, kipande cha mbele na cha nyuma. Kila ubavu hutiwa taharizi, kipande kirefu kinachopanuka kuelekea chini ili mvaaji aweze kupiga hatua. Chini ya mkono huwekwa kikwapa, kiraka kidogo cha pembe, na bila hicho nguo hupasuka mara ya kwanza mtu anapoinua mkono kusalimu. Shingoni huenda kaba kwa ndani, kifuani hupita lisani chini ya mpasuko, na pindo na mwisho wa mikono hufungwa kwa sijafu. Iliyo bora hutiwa darizi shingoni. Isiyo na pambo huitwa kanzu ya mfuto, nayo ndiyo iliyovaliwa na wengi. Kabla cherehani hazijaenea, yote haya yalishonwa kwa mkono, na aliyetembea na kanzu safi alikuwa ametembea na siku nyingi za kazi ya mtu mwingine.

Hapo ndipo palipokuwa na siasa ya nguo hii. Katika Unguja ya karne ya 19 mtumwa hakutarajiwa kuonekana na kanzu, kofia na viatu. Baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, walioachwa huru walizikimbilia nguo hizo kwa kasi iliyowashangaza mabwana wao wa zamani. Manyema jambo hilo lilitokea mapema zaidi na kwa namna ya ajabu. Katika miji ya Nyangwe na Kasongo, chini ya mfanyabiashara Tippu Tip na wenzake, watu waliotekwa au kuajiriwa vijijini walijifunza Kiswahili, walisilimu, walishika bunduki, wakavaa kanzu na kujiita Waungwana. Wengi walikuwa bado ni mali ya mtu. Lakini kwa mwanakijiji aliyevaa kitambaa cha mwale, kijana wa kwao aliyerudi na nguo nyeupe ndefu alikuwa amehama tabaka, na mara nyingi alikuwa amerudi kuteka wengine. Sifa za kanzu zisisimuliwe bila hilo.

Vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na Waarabu vilivunja utawala huo. Francis Dhanis, kamanda wa Dola hiyo, aliiteka Nyangwe Machi 1893 na Kasongo mwezi uliofuata. Mabwana walikimbia au walikufa, lakini Waungwana walibaki, na washindi waliwahitaji: kama askari, wapagazi, wakalimani na wachuuzi. Wabelgiji waliiita lugha yao Kingwana na wakaitumia kuutawala mashariki wote. Walipopanda hadi ukingo wa kaskazini wa ziwa Kivu na kuweka kituo cha kijeshi Goma, mkabala na Wajerumani wa Gisenyi, Kiswahili na kanzu vilipanda nao. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1910 ulipochora mpaka kati ya vituo hivyo viwili, nguo hiyo ilikuwa tayari pande zote mbili.

Wakati huohuo kanzu ya pili ilikuwa njiani, nayo ilikuwa na historia iliyojaa kinaya.

Mwaka 1868 Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, alianzisha shirika la wamisionari wa Afrika. Alitaka vijana wake wale chakula cha wenyeji, waseme lugha ya wenyeji na wavae kama wenyeji, na wenyeji aliokuwa nao mbele ya macho walikuwa Waarabu na Waberber wa Algeria. Kwa hiyo akawavalisha gandura, vazi refu jeupe la Maghreb, na juu yake burnusi, joho jeupe lenye kofia. Kichwani waliweka kofia nyekundu ya chechia. Ili watu wasiwadhanie kuwa mashehe, walining'iniza rozari shingoni. Watu wakawaita Mapadri Weupe, na jina hilo lilikuwa la nguo, si la ngozi.

Msafara wao wa kwanza kuelekea maziwa makuu uliondoka mwaka 1878. Miaka kumi baadaye Lavigerie, sasa kardinali, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri dhidi ya biashara ya utumwa ya Waarabu. Pale Mpala, ukingoni mwa Tanganyika, Kapteni Léopold Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, aliilinda misheni kwa bunduki dhidi ya watu wa Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji. Mtu aliyeitazama vita hiyo kutoka kilimani angeona waliovaa kanzu nyeupe wakipigana na watetezi wa waliovaa kanzu nyeupe. Hakuna upande ulioonekana kulijali hilo. Mavazi yote mawili yalikuwa matawi ya mti mmoja, nguo ya nchi za joto za ulimwengu wa Kiislamu, moja ikiwa imepita Oman na nyingine Sahara.

Mwaka 1901 Mapadri Weupe walifungua misheni ya Nyundo, juu ya Gisenyi, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka Goma ya leo. Upande wa Kongo walijenga Lulenga, kwenye njia ya Rutshuru. Wakristo wa kwanza wa eneo hili, wakiwemo wale ambao wajukuu wao wangeiona Goma ikipata jimbo lake mwaka 1959 na askofu wake wa kwanza, Joseph Mikararanga Busimba, walijifunza imani kutoka kwa watu wenye ndevu na gandura. Walihitaji jina la vazi hilo. Neno la Kifaransa halikuwafaa. Neno kanzu lilikuwepo. Wanyarwanda nao walilichukua na kulipa kiambishi chao, wakasema ikanzu.

Kutoka kwa padri hadi kwa mwanamke ilikuwa hatua fupi. Unguja kulikuwa na kanzu ya kike tangu zamani, fupi kidogo na ya rangi, iliyovaliwa juu ya suruali ya marinda. Ile ya Kivu haikutoka huko. Iliunganishwa misheni, ambako masista waliwakusanya wasichana alasiri na kuwafundisha kukata na kushona nguo moja rahisi: vipande viwili, mikono mifupi, shingo ya duara, pindo chini ya goti. Msichana aliyebatizwa alihitaji nguo nyeupe. Aliyefunga ndoa kanisani alihitaji nyeupe nyingine. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, miji ya Kongo ilikuwa na foyer, nyumba za kina mama ambako wake wa makarani walifundishwa mapishi, malezi na cherehani, na cheti cha kushona kilitundikwa ukutani karibu na picha ya harusi. Chochote kilichokuwa kirefu, cha kipande kimoja na chenye mikono kikawa kanzu. Mgeni kutoka Dar es Salaam akisikia Goma kwamba mama fulani amenunuliwa kanzu na mumewe hushtuka kidogo, kisha huzoea.

Jeshi lilikuwa na lake. Askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, alianza na koti fupi la buluu lenye pambo jekundu, fezi nyekundu na mshipi mwekundu kiunoni, mavazi yaliyompendeza mpiga picha na kumsaidia mlenga shabaha. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika kwenye mpaka huu mwaka 1914, Wabelgiji na Wajerumani walitazamana kwa karibu miaka miwili kati ya Goma, Kibati na Gisenyi, na mavazi ya rangi hizo kwenye miteremko ya kijani na mawe meusi yalikuwa kujitangaza. Kati ya 1915 na 1917 buluu ilibadilishwa kwa kaki. Jeshi lililoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 lilikuwa tayari katikati ya kubadili nguo. Tangu hapo kaki ndiyo rangi ambayo watu wa Goma wameiona mara nyingi zaidi kuliko wangependa.

Mavazi haya yote yaliingia taratibu, kwa biashara, kwa sala au kwa ajira. Abakosti iliingia kwa redio.

Oktoba 1971 Kongo iligeuzwa Zaire. Januari 1972 majina ya Kikristo yakaanza kuondolewa. Rais Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko. Kardinali Joseph-Albert Malula wa Kinshasa, aliyelipinga jambo hilo, alilazimika kwenda kukaa Roma kwa miezi kadhaa. "Bwana" na "Bibi" vikapigwa marufuku, kila mtu akawa sitwayeni. Na mwaka huohuo, 1972, suti na tai zikatangazwa kuwa mabaki ya ukoloni. Jina la vazi jipya lilikuwa kaulimbiu ya maandamano iliyokatwa mikia: à bas le costume, chini suti! Mara nyingi husimuliwa kwamba Mobutu alilileta kutoka Beijing baada ya kukutana na Mao Januari 1973. Ziara ile ilimpa moyo, bila shaka, lakini kampeni ya kuipinga suti ilikuwa imeshaanza mwaka mmoja kabla.

Kwa mtazamo wa fundi, abakosti ni koti lisilo na kola ya kukunjwa kifuani, lenye vifungo hadi karibu na shingo, la mikono mirefu au mifupi, linalovaliwa bila shati na juu ya suruali ya kitambaa kilekile. Shingoni iliruhusiwa skafu ya hariri, na mfukoni kitambaa cha kufanana nayo. Kwenye kifua kilibandikwa kibeji cha chama, MPR, chenye picha ya Rais. Inaonekana rahisi. Ukweli ni kwamba koti lisilo na kola ya kulala halifichi kosa: mabega yakipishana hata kidogo, kila mtu ataona. Wakubwa wa Kinshasa hawakujaribu bahati. Waliagiza abakosti zao kwa Arzoni, kiwanda cha ushonaji cha Zellik, nje kidogo ya Brussels. Vazi la kuwafukuza Wabelgiji likashonwa Ubelgiji, kwa bei ya Ubelgiji.

Goma haikuwa na Arzoni. Mkuu wa ofisi, mwalimu mkuu na mhasibu wa kampuni ya kahawa walipeleka kitambaa cha tetroni kwa fundi wa mtaani, wakaonyesha picha ya gazeti, wakangoja. Wengine walifanya ujanja zaidi: suti ya zamani ilifumuliwa, kola ikakatwa, tundu la juu likazibwa, mtu akarudi kazini akiwa Mzaire halisi. Mobutu mwenyewe aliupenda mji huu. Alikuwa na jumba lake kando ya ziwa, na alipofika, wakubwa walipanga mstari uwanjani wakiwa na makoti ya shingo iliyofungwa huku vikundi vya wanaume na wanawake vikicheza animasio, ngoma za kumsifu Rais, kwenye jua. Mwaka 1988 mkoa mkubwa wa Kivu uligawanywa mara tatu na Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini. Ofisi mpya, wakurugenzi wapya, abakosti mpya. Mafundi walipata miaka miwili mizuri.

Wanawake walipewa amri ya upande wa pili: suruali, sketi fupi na nywele za bandia marufuku, kikwembe, yaani kitenge, ndiyo nguo. Lakini kikwembe hakikuhitaji amri. Wanawake wa mashariki walikuwa wakijifunga vitenge vya Kiholanzi na vya viwanda vya Kongo kwa miongo kadhaa, na libaya, blauzi yenye mikono ya kuvimba inayovaliwa juu yake, ilikuwa tayari na mitindo mingi kuliko abakosti ilivyowahi kupata. Serikali iliibariki nguo ambayo ingevaliwa hata bila serikali. Pengine ndiyo sababu mwaka 1990 hakuna mwanamke aliyeivua libaya kwa furaha ya uhuru, wakati wanaume walizikimbia abakosti kama nyumba inayovuja.

Mobutu hakuwa peke yake katika kuwavalisha watu. Tanzania, jirani yake, ilitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, na vijana wa TANU wakawawinda wasichana wa sketi fupi na wavulana wa suruali za kubana Kariakoo. Huko wakubwa walivaa suti ya Chou En-Lai, na Zambia ilikuwa na ya Kaunda. Tofauti ni kwamba Nyerere hakumkataza mtu tai kwa amri ya taifa zima. Na mkono wa serikali kwenye shingo ya mtu hukunja kwa pande zote mbili: Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula wa Kenya aliipiga marufuku suti ya Kaunda bungeni, ingawa Rais wake mwenyewe alikuwa akiivaa, akaitaka tai irudi.

Kinshasa ilikuwa na njia yake ya kujibu. Vijana waliomfuata mwanamuziki Papa Wemba walivaa kila kilichokatazwa, tena cha bei ghali zaidi: makoti ya Paris, viatu vya ngozi vya Uingereza, mitindo ya Kijapani. Sape, kama mtindo huo ulivyoitwa, haikuwa chama cha siasa, lakini kijana aliyetembea mtaa wa Matonge na suti ya vipande vitatu wakati wa abakosti alikuwa akisema kitu ambacho polisi walikielewa. Tarehe 24 Aprili 1990, pale N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, akalia mbele ya kamera, akawaruhusu Wazaire kuvaa tai wakitaka. Yeye mwenyewe, alisema, katika umri wake hawatamwona nayo. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan na kufariki tarehe hiyohiyo, miaka 26 baadaye.

Ruhusa ya Mobutu ilitosha. Kitu kilichochukua amri, redio na beji kukijenga kilimalizwa na sentensi chache za hotuba. Novemba 1996 Goma ilikuwa mji wa kwanza mkubwa wa Kivu Kaskazini kuangukia waasi wa AFDL, na kiongozi wao Laurent-Désiré Kabila akapokea waandishi wa habari kwenye jumba la Mobutu kando ya ziwa, akiwa na shati la kola wazi. Vijana waliomzunguka walivaa mabuti ya mpira na kaki mpya ya kukunjika.

Miaka miwili kabla ya hapo, Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamevuka mpaka kwa siku chache, na nguo za msaada zikafuata kwa malori. Nyingi ziliishia sokoni. Mitumba ilikuwepo tangu zamani, ila kuanzia hapo ikawa ndiyo nguo ya kawaida ya Goma, shati la mtu asiyejulikana wa Ohio au Antwerp likiuzwa kwa rundo chini ya mwavuli. Ng'ambo ya mpaka, Wanyarwanda huiita caguwa, na neno hilo ni Kiswahili kitupu: chagua. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wake kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ikitaka kuvipa viwanda vyake nafasi. Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kuisimamishia nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Matokeo kwa Goma yalikuwa biashara ya miguu. Kwenye Petite Barrière, mojawapo ya vivuko vyenye watembea kwa miguu wengi zaidi barani, walikuwepo watu walioingia Gisenyi wakiwa wanene na kurudi wembamba, baada ya kuvua mashati matano waliyoyavaa moja juu ya jingine. Polisi wa Rwanda wametangaza mara nyingi kukamata marobota wilayani Rubavu, ulipo mji wa Gisenyi.

Fundi hawezi kushindana na shati la senti kadhaa, kwa hiyo ameacha kushona mashati. Anachoshona ni kile ambacho mtumba hauwezi kukileta: nguo inayotakiwa na watu wengi kwa pamoja, kwa kipimo, kwa tarehe. Septemba ni buluu na nyeupe za wanafunzi. Kabla ya tarehe 8 Machi ni kikwembe cha siku ya wanawake, kila ofisi na kila chama na rangi yake. Kwaya inataka sare ya Pasaka, familia inataka libaya kumi na mbili ya kitambaa kimoja kwa ajili ya harusi, parokia inataka kanzu za watoto wa altare. Chuo kikuu kama ULPGL, kilichoanzishwa hapa mwaka 1985, kikitangaza wahitimu wake, kuna toge nyeusi za kushona, na wanaozivaa hurudi nyumbani wakiwa weupe tangu kichwani, kwa sababu ndugu na marafiki humwagia mhitimu poda hadi hatambuliki.

Kitambaa chenyewe hakitoki Salem tena, na mara chache kinatoka Helmond, Uholanzi, ambako kampuni ya Vlisco imechapa vitambaa tangu 1846. Kingi ni cha China, kilichochapwa kwa kuiga Vlisco, kikaingia kwa Mombasa na Kampala na kuvuka mpaka wa Bunagana, mikononi mwa wafanyabiashara ambao wengi wao ni Wanande wa Butembo, watu waliozoea kununua Mashariki ya Mbali tangu enzi za Mobutu. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukaacha kupokea ndege za abiria. Fundi anaendelea kukanyaga mashini yake kwa mguu, pasi yake bado ni ya makaa, na avanse, malipo ya awali ya kanzu, hulipwa kwa noti za dola zisizochanika hata ukingoni, au kwa simu.